Tusiwafungie Mlango

Ndugu msomaji, huku kwetu Mabawa, mjini Tanga, mlango wa nyumba haufungwi mpaka watu walale. Mtoto wa jirani huingia akanywa maji akaenda zake, nawe huoni ajabu. Ndiyo maana naona haya kukusimulia kwamba mimi, mtu mzima, nilimfungia mlango mtoto wa dada yangu.

Kijana huyo alianza na viroba, ile pombe kali ya mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku na Serikali mwaka 2017. Kutoka hapo akaingia katika kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na heroini. Tulipotanabahi, unga ulikuwa umekwisha kumtawala. Zilitoweka sufuria, ikafuata redio, na mwisho baiskeli yangu niliyoiendea kazini miaka mingi. Nilimwita teja mbele ya mama yake, mtaa mzima ukasikia, nikamkataza kukanyaga kizingiti changu. Nilijiambia: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Laiti ningalijua! Mwili uliozoea heroini, ukiikosa kwa saa chache tu, hutoka jasho na makamasi, tumbo huendesha, mifupa huuma. Vijana huiita hali hiyo arosto. Aliyefika hapo hatafuti tena starehe, anakimbia maumivu. Sisemi kwamba wizi ni halali. Nasema kwamba matusi yangu hayakuwa dawa.

Dada yangu ndiye aliyenifumbua macho. Kila usiku alimwekea mwanawe sahani ya chakula barazani. Nilipomkemea alinijibu kwa upole, "Kaka, asubuhi nikiikuta sahani tupu, najua mwanangu yu hai." Sikuwa na la kusema.

Jirani yetu mmoja, muuguzi mstaafu, alitueleza habari za methadoni. Tiba hiyo ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na baadaye ikaenea mikoani, hata hapa kwetu katika hospitali ya Bombo. Ni dawa ya maji, inywewayo kila siku mbele ya mhudumu. Huzuia arosto kutwa kucha, wala haimlevyi aliyepimiwa sawasawa. Lakini si tiba ya wiki moja; wengi huitumia kwa miaka. Alituonya pia kwamba kuichanganya na pombe huweza kukata pumzi, na kwamba aliyeacha unga kwa muda, akirudia kipimo chake cha zamani, huweza kufa, kwani mwili umekwisha kupoteza mazoea.

Nilimtafuta kijana mwenyewe, nikamwomba radhi, nikampeleka. Kila asubuhi nilimpakia nyuma ya baiskeli nyingine niliyoinunua kwa taabu, tukaenda Bombo. Mara mbili alianguka akarudia unga. Mara mbili tulianza upya.

Siku moja goti liliniuma, sikuweza kuendesha. Nikamkabidhi baiskeli aende peke yake. Nakiri, msomaji, kwamba nilikaa barazani nikiitazama njia, na moyoni nilikwisha kuiaga ile baiskeli. Ilipofika saa nne alikunja kona, akaiegemeza ukutani, akasema, "Shikamoo mjomba. Nimechelewa, watu walikuwa wengi." Niliitika marahaba, nikaingia ndani asiyaone machozi yangu.

Hajamaliza safari, nami sithubutu kujigamba. Ila wewe uliye na kijana wa namna hii, nakusihi: usimpe fedha mkononi, mpe chakula. Ficha vya thamani, lakini mlango wako ausikie ukifunguka. Mwambie ukweli bila kumfedhehesha mbele za watu. Akikubali tiba, fuatana naye. Akianguka, mrudishe tena. Naye akipata nafuu, mtafutieni kazi ya kufanya, kwani siku ndefu isiyo na kazi humrudisha kijana kijiweni alikotoka.

Wahenga walinena: damu nzito kuliko maji. Basi tusiimwage.