Civita, mji unaomegwa na mvua

Nilipomwambia binamu yangu anayesomea Roma kwamba nilitaka kuona mji mdogo wa kale, usio na magari wala kelele, alicheka kisha akaniuliza, "Kaka, magoti yako yako sawa?" Swali hilo sikulielewa hadi siku mbili baadaye, niliposimama katikati ya daraja la Civita huku jasho likinitiririka, naye akinisubiri mbele kwa madaha.

Msomaji, tuanze na safari yenyewe. Kutoka Roma tulipanda garimoshi hadi Orvieto, mwendo wa saa moja na ushei kuelekea kaskazini. Hapo tukaabiri basi lililopinda na kupanda katikati ya mashamba ya mizabibu na mizeituni mpaka Bagnoregio. Huu ni mji wa kawaida tu, wenye duka la dawa na wazee wanaokunywa kahawa wakisoma magazeti. Lakini fuata ile barabara yake kuu hadi mwisho. Ardhi inakatika ghafla miguuni pako, na ng'ambo ya bonde, juu ya mwamba uliosimama peke yake kama kichuguu kilichosahauliwa, unaona nyumba za mawe zimebanana na mnara mmoja wa kanisa. Hiyo ndiyo Civita.

Kuingia ni kwa daraja la miguu tu, lenye urefu wa mita 300 hivi, lililojengwa mwaka 1965 baada ya lile la awali kuharibiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwanzo wake ni mteremko wa kumdanganya mtu. Mwisho wake ni mlima. Wenyeji wanaruhusiwa kupita na pikipiki. Sisi wageni tulipanda kwa miguu, watoto wakikimbia mbele na akina nyanya wakishika vyuma vya kando.

Kabla ya daraja hilo hapakuwa na pengo kubwa namna hii. Zamani ukingo wa ardhi uliunganisha Civita na jirani yake, na watu walipita na punda wao bila wasiwasi. Ukingo huo umeliwa. Wanafunzi wanaosoma jiografia watalielewa jambo hili upesi. Mwamba wa juu, ule uliobeba nyumba, ni jivu la volkeno lililogandamana likawa jiwe. Mawe ya kuchongwa tunayojengea nyumba Nairobi ni ya jamaa hiyo hiyo, na fundi yeyote atakuambia kwamba si magumu kukata. Chini ya mwamba huo kuna udongo wa mfinyanzi uliowahi kuwa sakafu ya bahari. Mvua inaponyesha, udongo unalainika na kuteleza, vijito viwili vya bondeni vinaubeba, na mwamba wa juu ukikosa pa kukalia unapasuka na kuporomoka kipande kwa kipande. Kwa hivyo mandhari yote kuizunguka Civita ni makorongo meupe, yenye kingo kali kama visu, yaliyopambwa na vichaka vya maua ya manjano na misitu ya kijani kibichi. Ni mandhari mazuri kupindukia, na ndiyo yanayouua mji.

Waetruski, waliotawala sehemu hizi kabla ya Warumi, ndio walioanza kuishi hapa yapata miaka 2,500 iliyopita. Walichimba mapango ndani ya mwamba, ambayo vizazi vilivyofuata viliyageuza kuwa ghala za mvinyo na mazizi ya punda. Mtakatifu Bonaventura, yule mwanachuoni wa Wafransisko aliyefariki mwaka 1274, alizaliwa hapa. Niliuliza nyumba yake iko wapi. Binamu yangu akanionyesha hewa. Naam, ilikwisha kuporomoka bondeni, na kilichobaki ni kibao ukutani kumkumbusha mpita njia. Hatua chache kutoka hapo kuna ukuta mzuri wenye madirisha. Ukichungulia, nyuma yake hamna chumba wala paa. Unaona mbingu tu.

Pigo kubwa lilikuja Juni 1695, tetemeko la ardhi lilipoutikisa mji huu vibaya. Askofu akahama, wakuu wa mji wakahama, na watu wakafuata polepole hadi Bagnoregio. Mwandishi Bonaventura Tecchi, aliyezaliwa Bagnoregio mwaka 1896, ndiye aliyeubandika Civita jina la mji unaokufa. Siku hizi wakazi wa kudumu ni kama dazeni moja. Paka, kwa hesabu yangu ya haraka, ni wengi kuliko watu.

Lakini jina hilo la msiba ndilo lililouletea riziki. Mwaka 2013 wakuu wa Bagnoregio walianza kutoza kiingilio cha euro moja na nusu. Sisi tulilipa euro 5, ambazo ni zaidi ya shilingi 700, na nusura ninung'unike. Watu wanakuja kwa maelfu, wanalipa kuutazama mji ukifa, na fedha hizo zinasaidia kuufanya usife. Nilipofikiri hivyo niliona haya kunung'unika, ingawa niliona pia kwamba karibu kila mlango niliopita ulikuwa ama mkahawa, ama duka la zawadi, ama chumba cha wageni.

Katika pango moja lenye jiwe la kale la kukamulia zeituni tulikula mkate wa kuchoma, uliopakwa kitunguu saumu na kumwagiwa mafuta. Chakula cha maskini, lakini nilirudia mara mbili. Mama mzee aliyetuhudumia aliniambia, binamu yangu akitafsiri, kwamba wanawe wote wanaishi mijini na humsihi ahamie kwao. Yeye huenda kuwaona, hukaa siku tatu, kisha hukosa usingizi kwa kelele na kurudi.

Nikamuuliza kama haogopi mwamba. Akasema mwamba unatoa taarifa, gari halitoi.

Ni mama huyo aliyetusimulia habari ya Ijumaa Kuu. Katika kanisa la Mtakatifu Donato, pale uwanjani, mna msalaba wa mbao wa karne ya 15. Kila mwaka siku hiyo hubebwa kuvuka daraja hadi Bagnoregio kwa maandamano. Mapokeo yanasema kwamba usiporudishwa Civita kabla ya usiku wa manane, basi utakuwa mali ya Bagnoregio milele. Fikiria, msomaji: askofu walishampoteza, wakuu wa mji walishawapoteza, lakini msalaba lazima upandishwe ule mlima usiku ule ule. Uwanja huo huo, Juni na Septemba, hugeuka kuwa wa mashindano ya punda. Wasomaji wa Lamu wajue kwamba hawako peke yao.

Atakayekwenda na familia avae viatu vya chini, abebe maji, na afike asubuhi mapema. Kuanzia saa tano vichochoro hujaa.

Sisi tulilala Bagnoregio. Jioni, mbayuwayu wakizunguka mnara, tulirudi pale ardhi inapokatika tukakaa kwenye ukuta. Makundi ya wageni yalikuwa yamekwisha kuvuka daraja, na makorongo yalikuwa yakigeuka kutoka meupe kuwa ya kijivu. Giza lilipoingia taa zikaanza kuwaka kule juu, nasi tukazihesabu madirishani.

"Tisa," nikasema.

"Saba," binamu yangu akanisahihisha. "Zile mbili ni za wageni."