Hadithi Isiyo na Mwenyewe

Bram Stoker alichapisha riwaya ya Dracula mwaka 1897, akafariki 1912. Mjane wake, Florence, hakuiachia ovyo. Kampuni moja ya Ujerumani ilipoigeuza kuwa filamu ya Nosferatu mwaka 1922 bila kuomba ruhusa, aliiandama mahakamani hadi ikaamriwa nakala ziteketezwe. Chache zilinusurika, ndiyo maana filamu hiyo bado tunaitazama. Lakini Marekani mama huyu hakuwa na nguvu, kwa kuwa masharti ya hakimiliki ya huko hayakutimizwa tangu awali, na kitabu kikawa cha kila atakaye. Florence alifariki 1937. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Julai 1938, kijana wa miaka 23 aitwaye Orson Welles alizindua michezo ya redio ya kundi lake la Mercury Theatre katika CBS. Hadithi aliyoanza nayo ilikuwa Dracula.

Rekodi ya mchezo ule ipo hadi leo, na mimi huisikiliza usiku, taa zikiwa zimezimwa. Kitabu ni kinene, na wao walikuwa na saa moja tu, tena moja kwa moja hewani, hakuna kurudia. Kwa hiyo walikata. Arthur na Daktari Seward, ambao kitabuni ni watu wawili, wakafanywa mtu mmoja. Welles akaigiza huyo daktari, na Dracula pia ni yeye, kwa hiyo anayewinda na anayewindwa wanatoka katika koo moja. Stoker alikuwa amewarahisishia kazi bila kujua: riwaya yake karibu yote ni barua na shajara, na katika redio kila mhusika alihitaji tu kufungua kinywa na kusoma yake.

Ila kinachonirudisha kwenye mchezo ule ni tikiti maji. Inasimuliwa kwamba walipofika mahali pa kumpigilia mnyonya damu kigingi kifuani, fundi wa sauti alileta kabichi na mti uliochongwa ncha. Welles akasikiliza, akakataa. Ilisikika majanimajani mno. Likaletwa tikiti. Akachukua nyundo mwenyewe, akalitwanga, likapasuka kwa mlio ule mzito wenye majimaji. Hapo akaridhika.

Sasa jiulize, nani angewadai? Mtunzi kafa, mjane kafa, sheria imenyamaza. Kipindi chenyewe siku hizo hakikuwa hata na mdhamini wa kibiashara wa kukuna kichwa kwamba fedha zake zimeliwa. Wangeweza kupitisha kabichi na hakuna barua ya malalamiko ambayo ingeandikwa. Mimi nimezoea kuona kinyume chake. Bomba la mtaa likivuja, kila mtu hupita akikunja suruali, kwa sababu si lake. Welles aliipata hadithi bure kabisa, akaitendea kama kwamba Florence Stoker amekaa kwenye kiti cha mbele na mwanasheria wake.

Kwetu nako hazina ya namna hiyo inazidi kufunguka, kimyakimya. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maishani mwake na miaka 50 baada ya kufa. Mwandishi Shaaban Robert alifariki 1962. Hesabu unaweza kuipiga mwenyewe. Na riwaya yake ya Kusadikika, nchi ile iliyo hewani, imekaa kiredio kuliko vitabu vingi nivijuavyo: Karama yuko kizimbani, Waziri Majivuno anamshitaki, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kisha wakalipwa kifungo. Mahakama, mashitaka, mtu anayejitetea kwa hadithi. Hakuna haja ya kuona chochote.

Likizo iliyopita tuliirekodi nyumbani, mimi na wapwa zangu, kwa simu, tukiwa tumejifunika blanketi ili kuku wa jirani wasiingie kwenye kesi. Kwa minyororo ya wafungwa tuliburuza mnyororo wa baiskeli ndani ya sufuria. Shangazi, ambaye alikuwa jikoni anachambua mchele, akauliza, "Huyo mfungwa mbona anaendesha baiskeli?" Watoto walicheka, wakataka tuendelee, kwani nani atajua? Nikazima simu. Tulijaribu kufuli na ndoo, tukajaribu funguo, mwishowe cheni nzito ya geti ikiburuzwa juu ya sakafu ya saruji. Shangazi hakusema kitu. Kwake hicho ni cheti.

Shida ilikuja kwenye kukata. Wajumbe sita hawaenei katika nusu saa, nikabakiza wawili. Mpwa wangu mkubwa aliona ni sawa, maana safari za wengine zinafanana. Shangazi, aliyekisoma kitabu shuleni, hakuona hivyo.

"Mwanangu, na wale wanne umewapeleka wapi?"

"Muda, Shangazi. Muda hautoshi."

"Basi Majivuno naye mpunguzie maneno. Yeye anasema sana, na ndiye mwongo."

Nilirudi kwenye mswada usiku huohuo, nikakata hotuba ya waziri karibu nusu. Ikapatikana nafasi ya mjumbe wa tatu. Mpwa mdogo ndiye atakayemwigiza, shule zikifungwa, sharti aache kutafuna miwa siku hiyo.