DOGO WA SUJI, VITABU VYA FARASI NA PIKIPIKI YA MKATABA

Suji hakuna farasi wadau. Ukiiacha lami pale Makanya unaanza kupanda mlima, kona juu ya kona, boda inalia gia ya kwanza, na mnyama mkubwa utakayepishana naye ni ng'ombe wa mtu. Farasi labda kwenye kitabu cha shule. Ila kuna dogo mmoja wa huko, miaka 23, dereva wa boda, alifikia hatua anawajua farasi kwa namba kuliko abiria wake.

Ni wale farasi wa kwenye simu, mnawajua. Mkeka wa mpira ukishachanika (na huwa unachanika kwa timu moja tu, ile uliyoiamini kuliko zote), simu inakuletea mbio za katuni. Farasi sita, dakika chache wamemaliza, wanaanza wengine. Hakuna kusubiri wikiendi. Dogo alikuwa anaweka buku buku, usiku usiku, akiwa kitandani.

Sasa pikipiki yenyewe ni ya mkataba. Kila wiki anapeleka elfu 60 kwa bosi, mkataba ukiisha chombo chake. Alishavuka nusu. Halafu wiki moja hesabu haikutimia, ya pili haikutimia, ya tatu bosi akapiga simu akasema kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, Jumatatu nakuja kuchukua chombo changu." Bosi akipiga kelele unaweza kubembeleza. Akiwa mpole, jua ameshapata dereva mwingine.

Mwingine angeacha. Dogo akaamua kusoma! Ule utani kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku haukuanza leo. Akaingia mtandaoni kutafuta vitabu vya kujifunza kubashiri farasi, bando likaisha, akaweka jingine, akapakua vitatu. Tatizo ni Kiingereza. Kidato cha nne kilimwachia D, na vitabu vile vina maneno ambayo hata mwenye A anayarudia mara mbili.

Dada yake ni mwalimu wa hesabu sekondari. Msabato wa kweli, siyo wa kitambulisho, na Suji Usabato ni kitu kikubwa, misheni ipo tangu enzi za Mjerumani. Dogo akasubiri Jumamosi jua lizame, Sabato iishe, makande yapakuliwe, ndipo akatoa simu. "Dada, naomba unitafsirie kidogo." Dada akasoma kichwa cha habari, akamwangalia. "Hii ni kamari." "Ni hesabu, dada." Hapo alimgusa panapouma. Dada akachukua simu, akaenda nayo chumbani, akairudisha Jumapili saa nne asubuhi. Dogo alikosa abiria wa asubuhi nzima.

Vitabu vyenyewe siyo vya ajabu ajabu, ndivyo wanavyotajiwa wanaoanza huko Marekani. Kimoja ni cha Tom Ainslie, cha mwaka 1968, mwongozo mzima wa mbio za farasi. Ainslie ni jina la kalamu, mwenyewe aliitwa Richard Carter. Anafundisha umtazame farasi kama unavyomtazama mtu wa kumkopesha hela: mara ya mwisho alikimbia lini, umbali gani, alishindana na nani, amebeba uzito gani, nani anampanda. Cha pili ni Picking Winners cha mwaka 1975, cha Andrew Beyer aliyekuwa akiandikia gazeti la Washington Post. Hoja yake mtu wa boda anaielewa haraka kuliko profesa. Saa peke yake inadanganya. Makanya mpaka Suji wakati wa kiangazi siyo sawa na masika barabara ikiwa utelezi, kwa hiyo ukilinganisha muda wa madereva wawili, kwanza ondoa barabara. Beyer alifanya hivyo kwa farasi, akampa kila mmoja namba, na namba zake zinachapishwa kwenye gazeti la mbio, Daily Racing Form, tangu 1992.

Cha tatu siyo kitabu, ni karatasi ya mwaka 1994 ya Bill Benter, Mmarekani aliyekwenda Hong Kong na kompyuta akavuna hela nyingi kweli. Dada aliipenda hii kuliko zote. Jamaa hakuamini hesabu zake peke yake. Alizichanganya na odi za watu wote waliobeti, kwa sababu umati nao unajua kitu.

Basi Jumapili ile dada akamkalisha dogo kwenye benchi nje. Hakuhubiri. Aliuliza swali moja.

"Huyo namba nne wako, juzi alikimbia wapi?"

Kimya.

"Alikula nini? Mguu unamuuma? Ana mama?"

Dogo akacheka, halafu akaacha kucheka.

Maana farasi wa simu hana juzi. Programu inachagua namba kwa bahati, katuni inakuja baadaye kukuonyesha tu. Hana uchovu, hana kiwanja anachokipenda. Ainslie, Beyer na Benter wote watatu wanasoma mambo yaliyotokea kwa mnyama mwenye damu. Ukiwapeleka kwenye katuni ni kama kumpeleka daktari wa mifugo akapime sanamu.

Halafu kuna habari ya nani unashindana naye. Kwenye viwanja vingi vya kweli madau yote yanaingia chungu kimoja, mwenye kiwanja anakata chake, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 25, kinachobaki wanagawana walioshinda. Dada akamweleza kwa ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia kwa zamu. Msimamizi akichota ndoo zake kwanza, yaliyobaki mnagombea nyinyi kwa nyinyi, na mwenye akili anaweza kumzidi jirani. Kwenye simu hakuna jirani wa kumzidi.

Akachukua chaki. Tuseme farasi sita, kila mmoja ana nafasi sawa, odi ni 5. Weka buku kwa kila mmoja: umetoa 6,000, lazima mmoja ashinde, unarudishiwa 5,000. Kila buku inaacha kama 167 mlangoni. Mbio 15 kwa saa, ni 2,500. Saa mbili kila usiku, 5,000. Siku 30, laki na nusu. Dogo hakuhitaji kutafsiriwa hapo. Hesabu ya bosi aliyokuwa anadaiwa ilikuwa 180,000.

Kitu kimoja dada hakufanya, hakumwambia aache. Alimpa daftari akamwambia acheze mbio 200 humo, kwa peni, bila hela. Dogo alidhani atamwonyesha. Baada ya wiki mbili daftari lilikuwa limeliwa 31,000. Alilitazama muda mrefu, akasema, "Hizi bado ninazo," akapiga mfuko.

Bosi alikuja Jumatatu kweli. Dada alitoa elfu 60 ya wiki moja, na kwa mbili zilizobaki wakaandikishana, elfu kumi ya ziada kila wiki. Chombo kikabaki. Kama dogo hagusi kabisa simu usiku, hayo ni yake na Mungu wake, ila abiria wa alfajiri wanasema siku hizi anapokea.

Aliyeharibika ni dada. Vitabu vile hajavirudisha. Anaingia darasani na mfano wa farasi watano wa kukadiria uwezekano, wanafunzi wanasinzia kidogo kuliko zamani. Amegundua pia kwamba Nairobi kuna uwanja wa mbio wa kweli, Ngong, upo tangu 1954, farasi wenye damu na jasho. Hataki kubeti, anataka kumwona mmoja akikimbia, na ameenda na saa yake ya kupimia muda kichwani tayari. Mama yake akamuuliza, na Sabato je? Akajibu Ngong wanakimbia Jumapili. Sasa anaulizia nauli kutoka Same.