Laptopu Kuukuu na Amana za Watu: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?



Wengi wenu mnatusoma mkiwa karibu na bahari. Sisi tuko bara, Ifakara, katika bonde la Kilombero, ambako mwaka wetu unakwenda na mpunga. Mpunga ukishavunwa na kuuzwa, harusi zinafuatana. Wateja wanatoka hapa mjini na ng'ambo ya mto, Lupiro hadi Malinyi, wakivuka Daraja la Magufuli na vitambaa mkononi. Sisi ni mawifi wawili. Tuna cherehani mbili na mashine moja ya kudarizi inayosoma michoro kutoka kwenye flashi, na michoro yenyewe tunaitengeneza kwenye laptopu.

Juni 2025, katikati ya msimu, laptopu hiyo ikaanza kutuumbua. Tunaiwasha, tunakwenda kuswali Adhuhuri, tukirudi ndiyo kwanza inafunguka. Siku moja ikaganda kabisa, na tulikuwa na gauni la harusi na madira saba ya kukabidhi Alhamisi. Mmoja wetu akasema inunuliwe nyingine. Mwingine akasema itengenezwe. Tukabishana mpaka cherehani zikanyamaza.

Tulipata muuzaji mwenye laptopu iliyotumika kwa shilingi 520,000. Angeweza kutupa kwa mkopo, lakini kila mwezi tukichelewa deni lingeongezeka. Hiyo ni riba, mlango huo tukaufunga mapema. Kwenye kikasha kulikuwa na 600,000, ila 450,000 kati ya hizo zilikuwa advansi za wateja. Hatutawaficha, mkono ulitaka kwenda. Tulijisemea tutazirudisha wiki ijayo, maana wateja wengine watalipa. Lakini advansi ni ya kununulia kitambaa na nyuzi za yule aliyeitoa. Tukiitumia kwa shida zetu na tukakwama, ni bibi harusi wa watu atakayekaa bila nguo.

Muuzaji akatupa njia ya tatu: tumwachie laptopu yetu, tuongeze 350,000. Zetu halali zilikuwa 150,000, na mama mkwe alikubali kutukopesha zilizobaki bila nyongeza yoyote. Tukafurahi. Tukakubaliana tuipeleke kesho yake.

Jioni hiyo akapita mama mmoja kuchukua baibui lake. Binti yake tulimshonea mwaka uliotangulia. Akasikia mazungumzo yetu, akauliza kwa upole, "Wanangu, hiyo kompyuta mnayoitoa, si ndiyo yenye picha za binti yangu?"

Tukamjibu, "Ndiyo mama, lakini tutazifuta."

"Zikifutwa ndiyo zimekwisha?"

Hatukuwa na jibu. Alipoondoka tukampigia mpwa wetu anayesoma mambo ya kompyuta Morogoro. Akatueleza kwamba kufuta faili kwenye diski ya zamani ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: orodha imeondoka, kurasa bado zipo. Mtu mwenye programu inayofaa anaweza kuzirudisha mpaka ziandikwe vitu vingine juu yake.

Usiku huo tukazihesabu. Zilikuwa zaidi ya 300. Wanawake wamesimama mbele ya kioo chetu, nywele wazi, hina mpaka kwenye kiwiko, wakijaribu magauni. Walivua mitandio kwa sababu sisi ni wanawake wenzao. Hakuna hata mmoja aliyetupa ruhusa ya kupeleka picha yake kwenye duka la mtu. Na la kusikitisha zaidi, wengi hatukuwauliza kama tunaweza kuziweka. Tulikuwa tunahesabu bei tu, kumbe kilichokuwa kinabadilishwa ni sitara za watu.

Asubuhi tukaanza upya, safari hii kwa kuuliza ugonjwa wenyewe ni nini. Mpwa wetu akatuambia tubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kikafunguka kidirisha kinachoonyesha kazi za kompyuta. Diski ilikuwa asilimia 100 muda wote, na RAM ya GB 4 imejaa karibu yote. Laptopu ilikuwa na diski ya kizamani, yenye sahani inayozunguka na mkono mdogo unaosoma. SSD haina kitu kinachozunguka ndani yake, kwa hiyo inafungua haraka na inavumilia mtikisiko wa bodaboda.

Kwanza tulihamishia kazi zetu kwenye diski ya nje tuliyoazima. Kisha tukaenda kwa fundi wote wawili, tukakaa dukani kwake mlango wazi mpaka akamaliza. Alipofungua, feni ilikuwa imezibwa na nyuzi na vumbi la vitambaa. Tukacheka kwa aibu, maana joto lililokuwa likiisumbua mashine lilitokana na kazi yetu wenyewe. SSD ya GB 256 ilikuwa 85,000, RAM ya kuongeza 40,000, ufundi na usafi 25,000. Jumla 150,000, hasa kile tulichokuwa nacho. Diski ya zamani tukarudi nayo nyumbani mkononi. Sasa laptopu inafunguka kabla hatujaingiza uzi kwenye sindano, na Alhamisi nguo zilikabidhiwa, alhamdulillah.

Lakini dada zetu, msichukue hadithi hii kama hukumu kwamba kutengeneza ni bora siku zote. Kama bodi imeungua, au RAM imegandishwa kwenye bodi na haiongezeki, au gharama zinakaribia bei ya nyingine nzima, nunueni nyingine. Tena tazameni umri wa kompyuta. Yetu ni i5-6200U. Hiyo 6 baada ya kistari ni kizazi chake, na Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha 8 kwa nyingi kati yake. Windows 10 ilimaliza muda wake tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilitangaza masasisho ya usalama ya nyongeza ya muda kwa wanaojiandikisha. Kwa hiyo tumenunua muda tu. Laptopu yetu sasa haiunganishwi na intaneti, inafanya kazi ya michoro peke yake, na kwa kila gauni tunatia 5,000 kwenye kibubu cha laptopu ijayo.

Na utaratibu wetu umebadilika. Vipimo viko kwenye daftari. Nguo tunaipiga picha ikiwa kwenye henga. Mteja akitaka picha yake, tunatumia simu yake. Za zamani tuliwauliza wenyewe tuliowapata, wengi wakasema tuziondoe. Diski ile tuliifungua na kuivunja sahani yake kwa nyundo, nyuma ya nyumba.

Kwa wewe unayejiandaa kuolewa: ukienda kupimwa gauni au kupambwa, usione haya kuuliza picha zako zinakaa wapi na nani anaziona. Fundi mwema hatakasirika. Yule mama hakutukasirikia, alituuliza tu, nasi tunamwombea kheri mpaka leo.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulinda amana tulizopewa, na awape mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu na rehema. Amin.