Waya wa Kijani na Manjano

Wamama wenzangu, tulimjengea mama mkwe chumba nyuma ya nyumba yetu hapa Kadutu. Fundi alivuta umeme kutoka priza ya sebuleni, taa ikawaka, tukamlipa. Kumbe waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, aliukata akauacha ukining'inia. Mama alishika sufuria juu ya resho, miguu mitupu, sakafu ya simenti ina maji. Umeme ukamtupa chini. Yuko salama, ila mkono ulikufa ganzi siku nzima.

Fundi wa pili alieleza: umeme ukivujia kwenye chuma na kukosa njia ya kwenda ardhini, hupita mwilini mwa mtu. Akavuta kebo mpya toka kwenye kofre, akapigilia fito ya shaba penye udongo wenye unyevu, maana udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Akadai pia disjonkta ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja.

Bei iliniuma. Nikamwambia, “Si umeme wenyewe unakatika kila jioni?”

“Unarudi, mama.”

Tulilipa. Mama mkwe bado anapikia makala. Resho iko chini ya kitanda.