Sauti ya Muuza Vyungu

Leo tunapenda kuwaletea habari za mwanamke aliyeishi kwa kuimba usiku mbele za watu, akaheshimiwa na kusengenywa kwa sababu hiyo hiyo moja. Ni Siti binti Saad wa Unguja.

Alizaliwa kijijini Fumba yapata mwaka 1880, katika zama za utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Sisi wa nyanda hizi za kati hatuwezi kumwona kuwa mgeni kabisa, maana misafara ya Wanyamwezi iliyoelekea pwani ilikatiza katika nchi yetu hii kavu.

Kwao walifinyanga vyungu. Binti alivitwika kichwani, akaenda navyo mjini kwa miguu huku akivinadi, na inasimuliwa kwamba wanunuzi waliitambua sauti yake kabla hawajamwona. Akina mama wa Busi wanaorauka na mizigo kwenda mnadani hawahitaji kuelezwa zaidi. Shule hakusoma. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko mwanamuziki Ali Muhsin akamfunza kuimba.

Taarabu ya enzi hizo ilikuwa ya Kiarabu na ya jumba la Sultani. Siti aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya mchukuzi na mpishi, na mabwana wakaketi kumsikiliza. Mwaka 1928 alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay, wakarekodi santuri kwa nembo ya His Master's Voice.

Mafanikio hayo hayakumwepusha na maneno. Washindani wake walitunga nyimbo za kuibeza sura yake na umaskini wa asili yake. Naye alijibu kwa wimbo, akieleza kuwa uzuri wa sura si kitu mbele ya akili na tabia. Kwa maoni yetu, jibu hilo lina adabu kuliko mengi tunayoyasikia ngomani siku hizi.

Tunayasema haya kwa kuwa hivi karibuni mzazi mmoja alitufikia akiwa na fadhaa. Binti yake, mwenye sauti njema, amekuwa akialikwa kuimba harusini, na ukoo unataka azuiwe kwa kuwa ni aibu. Tulimwomba kwanza aulize binti anaimba nini, na kwa ajili ya nani.

Maana Siti hakuimba mapenzi peke yake. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni, aliyetoka Dar es Salaam, ambaye aliuawa Unguja. Mtuhumiwa alitoroka, adhabu ikawaangukia wanawake waliofika kutoa ushahidi, kwa hoja ya pombe. Gazeti la kuwatetea hawakuwa nalo, wala wakili. Walikuwa na Siti, na santuri ikalipeleka shauri lao mbali kuliko ukuta wa mahakama. Mzazi yule alinyamaza kwa muda mrefu tulipofika hapo.

Siti alifariki mwezi Julai 1950. Shaaban Robert, aliyewahi kuonana naye, alimwandikia wasifu. Bi Kidude, aliyemsikiliza akiwa msichana, aliendelea kuziimba nyimbo zake hadi uzeeni, naye akafariki mwaka 2013.