Udongo wa Larabanga

Tulipojiunga na kambi ya kimataifa ya kazi za kujitolea kaskazini mwa Ghana, vijana wa mataifa mbalimbali walifika na ari kubwa, kila mmoja akitaka kushika koleo siku ile ile. Wazee wa pale wakatutaka kwanza tukautazame msikiti wa Larabanga.

Ni msikiti mdogo wa udongo, uliopakwa chokaa, miongoni mwa mikongwe ya Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1970 ulitiwa saruji kwa nia njema ya kuuhifadhi. Saruji ikafunga unyevu ndani. Miti ikaoza, mchwa wakaingia. Septemba 2002 dhoruba ikauangusha mnara wake. Waliokuja kuutengeneza waliibandua saruji, wakaurejesha udongo kwa ujuzi wa mafundi wenyeji.

Tuliporudi kambini, koleo zilisubiri. Vijana walikaa kwanza na mafundi wa kijiji wakafundishwa kukanda udongo.

Wazazi hutuuliza iwapo wawaruhusu wana wao, wa kike na wa kiume, kwenda kambi kama hizi. Kusaidiana katika wema tumeamrishwa. Lakini ulizeni kabla ya kulipa nauli: je, wenyeji ndio walioiomba kazi hiyo? Fundi wa pale atapata riziki, au atanyang'anywa? Binti atalala wapi, na chini ya uangalizi wa nani? Mkiridhika na majibu, mwombeeni dua, aende.